Sukari ya Susu

Siku ya kusomwa bajeti, susu alikuwa anachambua maharagwe huku redio ikiongea. Ndiye bibi yangu aliyenilea. Mtaalamu mmoja alisema ushuru mwingi unaishia kulipa mikopo ya nchi, kinachobaki hakitoshi, kwa hiyo serikali inakopa tena. Akaongeza kwamba kila Mkenya, hata mtoto aliyezaliwa leo, ana sehemu yake ya deni. Kiasi alichotaja kilizidi bei ya mbuzi wetu wote.

Susu aliweka ungo chini. "Hata mimi?"

"Ni hesabu tu, susu," nilisema, na sikujua niendelee vipi. Shule niliishia darasa la nane, na maneno kwangu huja polepole.

Kwetu, kabla jeneza halijashushwa, mtu wa familia husimama akauliza kama kuna anayemdai marehemu. Susu aliliogopa swali hilo kuliko kifo chenyewe. Hakuwahi kuchukua hata kiberiti dukani bila kulipa. Sasa alikuwa anaiona serikali ikiinua mkono kaburini kwake, mbele ya wakwe.

Kesho yake alivaa viatu vya kanisa, tukaenda kwa naibu wa chifu. Alitaka kuuza mbuzi aanze kulipa sehemu yake, apewe risiti.

Naibu wa chifu alicheka hadi akavua kofia. "Susu, hilo deni halipokelewi hapa. Unalilipa kila siku. Ukinunua sukari, ushuru uko ndani. Ukinunua kredo ya simu, uko ndani."

"Na nitamaliza lini?"

"Hata waziri hajui. Wewe kunywa chai tu, unatusaidia."

Alikuwa anatania. Susu aliyachukua maneno yale kama maagizo.

Mimi huuza mitumba Tala siku za soko. Tangu siku hiyo, kila nikienda aliniagiza pakiti mbili za sukari, na yeye daktari alishamkataza sukari miaka mingi. Kwanza aliuza kuku, halafu mbuzi. Pakiti alizipanga chini ya kitanda. Njiani nikirudi nilitafuta namna ya kumwambia kwamba deni lile halina jina la mtu, kwamba hakuna atakayemfuata. Nikifika, nilimpa tu sukari.

Jioni moja alinitazama nikiitua. "Unabeba kama punda na kunyamaza kama punda. Kuna kitu unataka kusema?"

"Hapana, susu."

Alifariki kabla ya mvua. Chai ya matanga ilikuwa tamu kupita kiasi, na wanawake jikoni wakaulizana kama mama huyu alikuwa anataka kufungua duka.

Siku ya mazishi, mjomba alisimama kando ya kaburi akauliza kama kuna anayemdai. Hakuna aliyeinua mkono. Naibu wa chifu alikuwa kwenye hema, safu ya mbele, akiangalia simu. Nilitamani ainuke aseme serikali haimdai. Nafikiri alishasahau. Mkono wangu ulipanda kidogo ili niseme mwenyewe, nikaishia kurekebisha kola.

"Basi, hana deni," mjomba alisema, kama mtu anayefunga mkutano, na jeneza likashushwa.

Hana deni. Ni maneno mawili tu. Hata mimi ningeyaweza, wakati ule alipokuwa ananitazama nikitua sukari.