Jozi Mbili za Viatu

Usimwone Bi Dekio anapiga deki kimya ukadhani hana mdomo. Miaka kumi na moja alisafisha kile kituo cha ushauri, na kilichomkera hakikuwa uchafu. Ni kile chumba cha kuchora. Waliofiwa na waliokimbia vita walipewa karatasi na rangi watoe ya moyoni, halafu mshauri akayasoma kwa kufuata kitabu cha watu wasiowajua hata kwa sura.

Mwaka mmoja alikuja mgeni, seremala, lugha yenyewe ya kuokoteza. Mkewe alifia safarini. Binti yake wa miaka sita aliwekwa kwa walezi mpaka mshauri aandike kwamba baba amepata nafuu. Kila Jumanne mgeni alichora nyumba: mlango, dirisha, sufuria jikoni. Mtu hata mmoja hakuna.

Jumanne ya nane, Bi Dekio akiosha brashi kwenye sinki, alimsikia mshauri akimwambia karani, "Andika: nyumba tupu. Moyoni hana nafasi ya mtoto. Abaki kwa walezi mwaka mzima."

"Tupu?" Damu ilimchemka Bi Dekio. Alibandua michoro yote minane ukutani, akaibwaga mezani. "Hebu fungua macho! Hapa mlangoni pana nini?"

"Viatu. Mama, hii si kazi yako."

"Jozi ngapi?"

Mshauri akatazama. Jozi mbili, kubwa na ndogo, kila karatasi. Ile ndogo ilitiwa hata vifungo.

"Mimi kutwa nahamisha viatu vya watu nikifagia. Viatu vikiwa nje, wenyewe wamo ndani. Na hilo nalo linataka digrii?"

Mgeni aliitwa kutoka kwenye benchi la nje, akaulizwa mbona hachori watu.

"Kwetu sura ya mtu haichorwi," akasema polepole. "Ni mwiko."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza."

Wiki nane! Mtoto analala kwa watu, baba anamchorea viatu, na msomi mzima anatafuta vichwa! Bi Dekio alitamani kumchapa mtu na lile dekio.

Mshauri alivua miwani. "Nimekosa. Nitaandika upya wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya nani?" Bi Dekio alivuta kiti, akaketi. "Andika sasa hivi. Na wewe karani, piga simu kwa hao walezi."

Mshauri akaandika: mtoto arudi kwa baba yake leo. Simu ikapokelewa, ikawekwa katikati ya meza, na sauti ya kitoto ikaja kwa lugha ya hapa, aliyokwisha kuijua kumshinda baba yake.

"Baba, mbona hukuja kunichukua?"

Mgeni akageuza macho kwa mshauri. Bi Dekio akaisukuma simu mbele ya mshauri.

"Haya, mjibu wewe."