Mechi Sita kwa Miaka Tisa

Nilikuwa katika timu ya taifa ya kriketi kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo nilicheza mechi sita za nje. Muda mwingine wote nilikuwa nikipona.

Kazi yangu ilikuwa kurusha mpira kwa kasi. Unakimbia hatua kama ishirini, unaruka, unatua kwa mguu mmoja huku mgongo umejipinda, kisha unauachia mpira mgumu kama jiwe uelekee kwa aliyeshika gongo. Nyuma yake kuna vijiti vitatu, ukiviangusha, ametoka. Ukitua vibaya, uzito wote unakuingia kiunoni. Hata ukitua vizuri unaingia.

Nilijifunzia Kitale, katika shule iliyobaki na uwanja wa zamani wa mchezo huo. Wazazi wangu walitoka Murang'a kuja kulima mahindi Trans-Nzoia, na hawakuwahi kuuona ukichezwa. Siku nilipoitwa timu ya taifa nilimkuta mama akipukuchua mahindi. Yeye huniita baba, kwa sababu nilipewa jina la babu.

"Baba, huko watakuwa wanakupatia chakula?"

"Ndiyo, mama."

"Basi enda."

Mechi ya kwanza tulicheza Windhoek. Niliwatoa watu watatu kabla ya chakula cha mchana. Baadaye, nikirusha mpira wa nne kati ya sita ya zamu yangu, nilisikia kitu kikilia kiunoni, mlio mdogo tu, kama kijiti kikavu kikivunjika. Nikarusha miwili iliyobaki. Jioni sikuweza kufunga kamba za viatu. Daktari akasema mfupa wa mgongo umepata ufa.

Nilikaa nje karibu mwaka mzima. Nikarudi, nikacheza mechi mbili, goti likafura. Nikarudi tena, mbili nyingine, kano za kifundo cha mguu zikachanika. Nikarudi, nikacheza moja, na ule ufa wa mgongo ukafunguka palepale pa zamani. Kila mara nilitoka hospitali na karatasi ya mazoezi, na niliyafuata yote bila kuruka hata moja. Kila mara kocha alisema, "Pole bana, tutakungoja," na kila mara aliyeshika nafasi yangu alicheza vizuri. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nililia pia. Mara ya nne daktari alinionyesha picha ya mgongo wangu, akanieleza kwa kalamu, nami nilikuwa nikitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa imechelewa dakika kumi.

Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tunaishi Bungoma, alikokuwa akifundisha. Jumamosi moja tulienda kwao, karibu na Lugulu. Yeye na babake wakaenda kwa jirani aliyefiwa, mimi nikabaki. Niliinama kuinua ndoo ya maji ya ng'ombe, hata haikuwa imejaa. Mgongo ukakata. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikaanguka chali katikati ya uwanja wa boma.

Aliyetoka jikoni alikuwa mama mkwe. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawagusani wala hawakaribiani. Kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana kwa mbali, yeye akiangalia chini. Alipiga hatua moja kunijia, akasimama. Akampigia mumewe simu. Kisha akavuta kigoda, akaketi kando, akanipa mgongo.

"Mkwe, unanisikia?"

"Nasikia, mama."

"Wanakuja. Usirare."

"Silali."

"Hii mchezo imekuvunja hivi, inachezwa namna gani? Niambie. Ukiongea hautarara."

Nikamweleza, macho yangu yakiwa kwenye mawingu. Nilimweleza mbio, kuruka, vijiti vitatu.

"Mechi moja inachukua saa ngapi?"

"Siku nzima. Zingine siku nne."

"Siku nne! Na shamba?"

Nilicheka, ikaniuma hadi machozi yakanitoka.

"Na wewe uliangusha hizo vijiti?"

"Niliangusha."

"Mara mingi?"

"Mara chache, mama."

"Si hata chache ni kuangusha," akasema.

Wanaume walikuja wakanibeba kwa godoro. Nilifanyiwa upasuaji Eldoret. Natembea vizuri, ila vidole viwili vya mguu wa kushoto havijawahi kurudiwa na hisia; vikikanyagwa sijui.

Mwaka uliofuata kocha alinipigia simu. Walikuwa na safari, wakitaka mtu mzoefu. Nilikuwa nimefungua duka la dawa za mifugo Kiminini, na mteja alikuwa amesimama mbele yangu.

"Asante, kocha. Nimemaliza."

"Umefikiria vizuri?"

"Nimefikiria."

Nikaweka simu chini, nikaendelea kumpimia mteja dawa ya kupe. Nilingoja huzuni. Haikuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Mke wangu aliniuliza kama naumia moyoni, nikamwambia sisikii kitu. Akanisogezea ugali.

Mwezi uliopita timu ilicheza, na mechi ikaonyeshwa kwenye simu. Niliiegemeza kwenye mkebe juu ya kaunta nikatazama. Mrushaji wao mpya anatua kwa mguu ulionyooka mno. Mwanamke mmoja akaja kuuliza dawa ya minyoo ya kondoo, nikamweleza vipimo mara mbili, kwa sababu alikuwa na wakubwa na wadogo. Nilipogeuka, mechi ilikuwa imekwisha. Nikazima simu nikaiweka kwenye chaji.