Paa la Mama Mwatumu

Karibu kila fundi wa Jeppestown, mtaa wa Johannesburg, anamjua Hélène. Mzaliwa wa Kalemie, mji ulio mbali kaskazini, alijifunza useremala kwa baba yake, na alipofika Johannesburg wanaume walimcheka kila alipopanda ngazi. Siku hizi ndio wanaomwita paa likiwashinda.

Mwaka juzi rafiki yake Saida, msusi wa mtaa jirani wa Bertrams, alimjia karakanani macho mekundu. Dhoruba ilikuwa imeng'oa paa la mama yake, Mwatumu, kijijini karibu na Pemba, kaskazini mwa Msumbiji. Ilikuwa mara ya pili katika miaka michache, ilhali ujanani Mwatumu alizisikia dhoruba kali namna hiyo kwenye simulizi tu. Saida akaeleza aliyoyasikia redioni: moshi wa makaa ya mawe na mafuta tunayochoma umeipasha dunia joto, bahari nayo imepata joto, na dhoruba zile kali, zenye mvua nyingi, zinazidi.

Hélène aliutazama msumeno wake wa umeme. Umeme wenyewe wa Johannesburg kwa sehemu kubwa unatokana na makaa ya mawe.

"Moshi unatoka huku, paa linang'oka kwa mama," akasema. "Tutaenda wote, dada."

Walisafiri kwa mabasi, wakiwa na mfuko mzito wa mikanda ya chuma. Hélène alijenga paa la pande nne, upenu mfupi, kila boriti akaifunga kwa mkanda hadi chini ukutani. Mjomba wa Saida alilalamika kwamba kazi inachelewa. Hélène hakubishana naye. Alimpa nyundo, akamwonyesha pa kupiga. Kabla hawajaondoka, mjomba alikuwa ameanza kufunga paa lake mwenyewe.

Msimu uliofuata dhoruba ikarudi, na simu za kijijini zikakatika. Saida alisuka wateja, kila mara akijaribu kupiga tena. Kila alasiri Hélène alikwenda saluni kukaa naye. Hatimaye sauti ya Mwatumu ikafika kwenye simu. Minazi ilikuwa imelala, nyumba kadhaa zimebomoka, lakini majirani walikuwa wamejihifadhi kwake, wote wazima.

"Mwambie fundi wangu," alisema, "upepo ulilivuta paa lake mpaka ukachoka."

Hélène aliomba ujumbe urudiwe, saluni nzima isikie. Kisha mjomba akaagiza mikanda ya kijiji kizima, na Hélène alipita Jeppestown akiwa ameibeba begani, akimweleza kila aliyemuuliza inakokwenda.