Siku Kaka Maganga Alipokwenda Kuwa Maskini

Naikumbuka, mwanangu, siku kaka yangu Maganga alipovaa shati la kuazima ili aende mahakamani akaonekane maskini. Mashati yake mazuri aliyaacha sandukuni, akaenda kwa mchoma mkaa kuomba lile lililochanika begani. Mimi nilikuwa msichana, sijaolewa, na nilimwona mjanja kuliko watu wote wa Usoke. Ujana, mwanangu! Una macho makali, lakini hauoni mbali.

Aliyemshitaki alikuwa Teresia, mkewe ambaye walikwisha kuachana. Teresia alirudi kwao na binti yao Kalunde, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Akawa anauza vitumbua, na vitumbua havikutosha kumlisha mtoto, kumvisha na kumsomesha. Alikuja kwanza kumwomba Maganga kwa upole, akajibiwa kwa kejeli. Hakutaka makubwa, alitaka baba asaidie kulea mwanawe. Ndipo akaenda mahakama ya mwanzo, nasi ndugu wa mume tukafuatana na kaka yetu kumtia moyo, maana damu ni nzito kuliko maji, hata inapokosea.

Hakimu akamwuliza anapata nini kwa mwaka.

"Sina kitu, mheshimiwa," Maganga akajibu. "Sina mshahara, sina duka. Hilo shamba la tumbaku analolisema Teresia ni la mdogo wangu. Mimi namwokotea kuni za kukaushia tu."

Aliyasema kwa sauti ya mgonjwa, hata mimi ninayemjua nikakaribia kumpa pole. Nikajua tumeshinda.

Pembeni ya hakimu walikaa wazee wa baraza, wale wanaomshauri katika kesi. Mmoja wao alikuwa Mzee Sudi, aliyezunguka vijiji vyetu miaka mingi akinunua asali na nta. Alimtazama kaka yangu bila haraka.

"Basi nimeelewa," akasema. "Kumbe huyo mdogo wako anakausha peke yake, hana fundi wa moto. Bila shaka bani lenu mwaka huu limeharibu majani."

Bani, kama hujakulia kwenye tumbaku, ni ile nyumba ya kukaushia majani kwa moto. Moto ukizidi, jani linaungua. Ukipungua, linaoza, na jasho la msimu mzima linapotea. Kwetu, kumwambia mwanamume kwamba bani lake limeharibu majani ni afadhali umtukane.

Maganga akasimama wima. "Nani kasema limeharibu? Moto ule nauwasha mimi na nalala nao mimi! Hata vijiji vya jirani huniita niwakaushie, na wananilipa! Nani ananiweza hapa?"

Watu wakaangua kicheko. Mdomo uliponza kichwa, mwanangu, na kichwa chenyewe kilikuwa kigumu.

Hakimu hakucheka. Alisema mtu asiye na mshahara hupimwa kwa kazi anayoiweza, afya yake na mali aliyo nayo. Akauliza mkulima wa kadiri ya Maganga huvuna nini mwaka wa kawaida, si ule wa neema wala ule wa mvua ya mawe. Akatoa humo deni la mbolea, akakumbuka kwamba nyumbani kwa Maganga kuna watoto wengine, akahesabu na vitumbua vya Teresia, kwa kuwa mtoto ni wa wote wawili. Na kwa kuwa tumbaku hulipwa mara moja kwa mwaka, akaamuru fungu kubwa litolewe wakati wa soko, na miezi mingine apeleke mahindi. Niliona ni haki, ingawa nilikuwa upande wa kaka yangu.

Mzee Sudi akaomba kuongeza neno. "Kijana wangu, maskini nawajua, nimelala katika nyumba zao. Hakuna aliyekwenda kuazima matambara. Wewe Mungu kakupa nguvu na ufundi, halafu unavikana mbele za watu ili mwanao akose daftari?"

Tukatoka, Maganga amevimba kwa hasira. Kumbe Kalunde alikuwa ameketi barazani chini ya dirisha, na maneno ya baba yake aliyasikia. Akamjia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akafungua pindo la khanga yake, akatoa michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, chakula chake cha mchana. "Kula, baba. Nimesikia huna kitu. Mimi mama atanipa vingine."

Kaka yangu akaipokea, akageukia ukuta, akalia. Hata tulipomzika baba yetu sikumwona akilia vile. Nami niliona aibu ikinishika hadi miguuni.

Mwanangu, siku hizi nawasikia vijana wa hapa mtaani Ipuli wakifundishana kukwepa matunzo ya watoto. Mmoja ataandikisha pikipiki kwa jina la rafiki, mwingine ataacha kazi aone watamdai nini. Mnadhani mahakama haina macho? Ukiacha kazi makusudi, waweza kupimwa kwa kazi ileile uliyoikimbia. Sema kweli mapema, maana njia ya mwongo ni fupi. Na ukianguka kweli, ukalazwa hospitali ya Kitete au mvua ya mawe ikafyeka shamba, rudi mahakamani na ushahidi wako uombe wapunguze, sheria inasikia. Nawe binti unayedai matunzo, usimtwishe mwenzako mzigo asioweza kuubeba, kwani akivunjika mgongo mtoto hapati kitu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mungu aibariki mikono yako, akupe cha kumlisha mwanao, na akikupa, akupe na moyo wa kukiri kwamba unacho. Wala mtoto wako asijinyime chakula chake kwa ajili ya njaa usiyokuwa nayo. Amina.