Bibi Aliulizia Makaburi

Barua ya familia iliyokuwa inipokee Ujerumani ilikuja kwenye simu, nikaenda kuichapisha steshenari pale Tukuyu mjini. Kurasa tatu na picha saba za rangi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sikuwahi kushika karatasi nzuri kama zile zikiwa zangu. Nilirudi nazo kijijini kwetu Ikuti nimezificha ndani ya sweta, maana mvua ya kwetu haina adabu, na nilipofika nyumbani zilikuwa kavu kabisa. Niliyelowa ni mimi.

Njiani nilikuwa nimeshazisoma mpaka nikajiona nawajua wale watu kuliko binamu zangu wa Mbeya. Mama wa nyumba ile alikuwa nesi wa kutunza wazee. Baba alikuwa fundi wa madirisha. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, miaka kumi na minne, hali nyama. Mbwa alilala sebuleni. Waliniandikia hata siku ya kufua nguo na saa ya chakula cha jioni, nami nilivyokuwa mjinga niliona kwamba hayo ndiyo mambo yote ya kujua kuhusu nyumba ya watu.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Bibi ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa darasa la pili, na baba sikuwahi kuwa naye. Kwenye fomu ya safari, palipoandikwa mzazi au mlezi, palihitajika dole gumba la Bibi, kwa sababu hakusoma. Mratibu wa safari aliitaka fomu hiyo Jumatatu. Bila lile dole, mwaka wangu wa kusoma ng'ambo ungebaki kwenye karatasi.

Nilimsomea barua siku ya Jumatano, jikoni, akimenya ndizi. Nilisoma mstari wa Kiingereza, nikausema kwa Kiswahili, na penye ugumu nikachanganya Kinyakyusa changu kibovu ambacho humchekesha kila mtu aliyenizidi umri. Alisikiliza vizuri. Aliposikia habari za mbwa aliuliza kama mgeni naye analala ndani. Aliposikia kijana hali nyama aliuliza anaumwa nini. Nilicheka, na yeye akacheka, nikajua mambo yamekwisha.

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akachukua picha ya nyumba na kusogea nayo mlangoni penye mwanga. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu, ina bustani ya majani yaliyokatwa sawasawa. Aliitazama muda mrefu.

"Makaburi yao yako wapi?"

"Makaburi gani, Bibi?"

"Ya watu wao. Naona nyumba, naona majani. Sioni mtu aliyelala hapo. Hawa ni wapangaji?"

Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, pembeni ya nyumba, kwenye migomba. Babu yupo pale, na mama yangu yupo, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Nilikulia kando yao. Nilianika madaftari juu ya saruji ya kaburi la Babu, nikatumwa ndizi nikapita katikati yao bila hata kufikiri. Bibi alikuwa na namna yake ya kuwapima watu, na alianzia hapo. Mposaji akija, atakula, atapewa chai, lakini Bibi atataka kujua ukoo wao umelala wapi na nani anafyeka majani.

Sasa niwaulize Wajerumani hilo? Watu ambao hata sijawaona, wameniandikia siku ya kufua, mimi niwajibu, ahsanteni, na wafu wenu je? Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikasema uongo.

"Wapo nyuma ya nyumba. Mama yake yule nesi yupo pale, chini ya mti wa matofaa. Picha haikufika huko."

Uso wa Bibi ukatulia. "Ndaga, Kyala," akamshukuru Mungu, akarudi kwenye ndizi zake. Akasema dole ataweka Jumapili tukitoka kanisani, jambo kubwa halifanywi mikono ikiwa na utomvu.

Laiti angeishia hapo. Kesho yake alikuwa na kina mama wenzake wa kanisani kwenye kupalilia shamba la chai la mmoja wao, na jioni mke wa mchungaji akanishika mkono njiani. "Nimefurahi," akaniambia. "Bibi yako alikuwa hana raha. Sasa anasema wale ni watu hasa, wamemzika mama yao nyumbani." Alinipongeza kwa kupata watu wema. Sikulala vizuri. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo. Kilichoniumiza ni jinsi ulivyompa raha.

Ijumaa asubuhi nilipanda juu kwenye chai, mahali simu inaposhika mtandao, nikamwandikia yule mama. Nilieleza kila kitu, hata uongo wangu. Nilidhani watanifuta kwenye orodha yao. Jibu lilikuja kabla sijaanza kushuka, nami nikasimama kwenye matope kulisoma. Alisema mama yake amezikwa kwenye makaburi ya mji, dakika kumi kwa baiskeli. Alisema kule kaburi hulipiwa kwa miaka kadhaa, na miaka ikiisha familia isipolipia tena, mahali hapo hupewa mtu mwingine. Alisema hajaenda muda mrefu. Mwisho akaandika kwamba hakuna mgeni aliyewahi kumuulizia mama yake, na anamshukuru Bibi.

Nilimkuta Bibi anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwambia kwamba nilimdanganya, kisha nikamsomea jibu lote. Nilitegemea matusi. Bibi yangu alijua kutukana, tena kwa Kinyakyusa, na hata leo ninayamisi matusi yale kuliko sifa za watu wengi.

Hakutukana. Aliendelea kuchambua maharage.

"Kaburi la kupanga," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na miaka ikiisha wanamtoa mtu."

"Ndiyo vile amesema."

"Gwe," akaniita, na lile neno lake la kuniita lilitoka limepasuka. "Wewe ulifikiri mimi nawaulizia wafu wao? Wafu wao wananihusu nini? Nilikuwa nakuulizia wewe. Mtu anakwenda mbali, anaugua. Wale wazungu wa misheni waliolala pale Rungwe, mama zao walikuja lini kuwafyekea majani? Mama yako nimemzika mwenyewe, namwona nikifungua mlango. Wewe ukifia huko, watakuweka wapi? Kwenye shimo la kulipia?"

Siku zote zile nilidhani kinachomzuia ni ushamba, na kimoyomoyo nilikuwa nimemcheka. Nililia pale pale nikiwa nimepiga magoti, maharage yakamwagika, naye akaniambia niache kulia niokote.

Tulipomaliza kuokota akaniagiza. "Rudi huko juu. Mwandikie maneno yangu, usiongeze yako. Mwambie, mimi bibi yake nauliza, mtoto akipatwa na jambo, utamfanyaje?"

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, mvua ikinipiga kisogoni. Safari hii jibu halikuja upesi. Nilisubiri mpaka vidole vikafa ganzi, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Lilikuja Jumamosi mchana, nilipopanda tena. Lilikuwa fupi. Nilishuka mbio nikateleza mara mbili, nikamsomea Bibi nikiwa na tope mpaka mapajani. Yule mama aliandika: "Bibi, akiugua nitakaa kando ya kitanda chake, hiyo ndiyo kazi yangu. Akipatwa na lile unaloliogopa, sitamwacha huku. Nitamleta mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

Bibi aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie pale mwisho tu, nikarudia. Halafu akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, akasema nilete ile fomu na wino, kwa nini tungoje Jumapili kama mtu ameshajibu.

Nilimshika kidole nikakikandamiza kwenye wino. Kilikuwa kigumu, kina nyufa za jembe, na ilibidi tukizungushe polepole ili alama itoke yote. Ilitoka vizuri. Aliiangalia akaridhika nayo, kisha akageukia ukutani, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Mwandikie kwamba nimekubali," akasema akiwa bado amegeukia ukutani. "Usimwandikie kwamba nimelia."

Sikumwandikia. Bibi hayupo tena, na leo ndiyo mara ya kwanza naliandika hilo.