Bata Aliyeatamia Bwawani

Mluzi mmoja mwembamba wa bata, unaoanza juu kisha unashuka, kama mtu aliyesahau wimbo katikati: ndio Jailos alioukumbuka kila alipoulizwa habari za mwaka hamsini na sita.

Alikuwa mlinzi wa bwawa karibu na Nyololo. Hakusoma, kwa hiyo hakujua kitu. Alikuwa tu na miaka minne ya kumtazama bata mdogo wa kahawia, mwenye doa jeupe chini ya jicho, azamiaye kati ya mayungiyungi na asiyejua kutembea nchi kavu. Elimu yenyewe ilifika kwa Landrova: Bwana mmoja mtaalamu wa ndege, mwenye darubini na bunduki, pamoja na karani wake Edmund, aliyevaa viatu ambavyo matope hayakuviheshimu.

Bata mmoja akaruka, mgongo mweupe ukaonekana, na Bwana akamtambua papo hapo. Mwenzake alikuwa ameatamia kwenye matete.

"Jike," Bwana akasema. Edmund akaandika.

"Dume," Jailos akasema.

Edmund akacheka. "Dume alalie mayai? Kwani huyo ni wewe, mzee?"

Maana kijiji kizima kilijua kwamba Damari, mkewe Jailos, hushinda gulioni, na mume hubaki na mtoto mgongoni. Aibu kubwa, walisema wanaume wenzake, kila walipopata nafasi ya kuinua midomo kutoka kwenye kibuyu cha pombe.

"Ana kovu mdomoni, bwana karani. Mwezi jana mwenye kovu ndiye aliyempanda mwenzake. Hayo nayo niliota?"

Bwana alivutiwa. Wataalamu hawabishani na walinzi, wanahakikisha. Akatia marisau bundukini.

"Rahisi sana. Mimi piga, pasua, tazama ndani. Kama dume, jina yako ingia kitabuni. Kama jike, mimi hapana taka. Majike iko mbili tayari sandukuni."

Edmund akaacha kuandika. Jina lake halijapata kuingia kitabu chochote, ila cha ubatizo.

Kule kwenye matete, bata aligeuza yai moja kwa mdomo, hana habari kwamba anakaribia kushinda mabishano. Jailos aliwaza: ukweli wake utathibitishwa leo hii, na kufika adhuhuri mayai yatakuwa yamepoa.

Bwana akainua bunduki.

Jailos akavua kofia. "Nimekosea, Bwana," akasema, kwa sauti ambayo hata maji yalikuwa na shida kuisikia. "Ni jike."