Bidon ya Koko

Juzi, kwenye bomba la maji hapa Muhumba, nilimwona msichana akisukuma bidon ya mtu, dumu lake la maji, nyuma kwa mguu, huku macho yake yakitazama kwingine. Nikajiona mwenyewe.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, bidon zetu zilikuwa zimepangwa mstari, kila moja ikimshikia mwenyewe zamu. Koko, bibi mzee jirani yetu, aliiacha yake mbele ya yangu akaenda kukaa kivulini. Nikaisukuma nyuma. Bomba likakohoa, likajaza yangu, likakauka.

Nyumbani maman alikuwa anawasha makala, mkaa wa kupikia. Alikuwa amemwona koko akipita na bidon tupu.

"Nani alikuwa mbele yako?" akauliza.

Akaacha moto, akaibeba ile bidon yangu ya maji mgongoni, akaniambia nimfuate.

"Koko, maji yako hii," alisema mlangoni. "Mutoto amekuletea."

Koko akanishika kichwa kwa mikono iliyonuka moshi na sabuni. "Mungu akubariki, mutoto yangu. Uko na roho muzuri."

Jioni ile hatukupika, kwa kukosa maji. Harufu ya bugali ilitoka kwa majirani. Sisi tukala avoka, na papa hakuuliza kitu. Nilidhani maman amenifichia kosa, na moyoni nikafurahi kwamba nimeponea fimbo.

Leo najua fimbo ingeisha siku ileile. Baraka ya koko haijaisha. Mpaka sasa, mtu akiniambia "Mungu akubariki," kwanza naangalia mguu wangu.